Somo la Ziwa: Beseni na Tundu Dogo



Miaka ya 2020 na 2021, na tena 2024, maji ya ziwa letu yalipanda hata kufunika sehemu za ufuko wa Kigoma. Mjukuu wangu aliniuliza, “Babu, ziwa limekasirika?” Mtoto akiuliza hivyo, tusimkemee. Tumpe beseni.

Toboa tundu dogo ubavuni mwa beseni kuukuu, karibu na ukingo. Mwambie mtoto amimine maji polepole: yakifikia tundu, yanatoka. Amimine kwa haraka: yanapanda kupita tundu. Ndivyo lilivyo Tanganyika. Mvua, Malagarasi, Ruzizi na mito mingine huleta maji. Mengi huondoka kwa mvuke, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo.

Sasa ziba tundu kwa udongo. Karne ya 19 Lukuga uliziba kwa matope na mimea, ziwa likapanda. Mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, na miaka iliyofuata maji yakashuka kama mita 10. Ndiyo sababu pale Ujiji walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 pako mbali na maji leo.

Basi ufuko husogea. Mimi nilipanda migomba kwenye ardhi ya ziwa, na ziwa likaichukua. Wazazi wa Katonga, simikeni mti wenye alama majini, watoto wausome kila Jumamosi na kuandika. Kabla ya kujenga, tuwaulize wao.