Wazee na Wenzao wa Rika

Masomo: Zaburi 71, 2 Samweli 19:31-39, Marko 7:9-13, Matendo 6:1-6, 1 Timotheo 5:3-16.

Somo la mwezi huu ni juu ya wazee. Hatusemi wazee wa kanisa wanaokaa barazani, bali wazee wa umri, ambao nguvu zao zimepungua na wana wao wamekwenda mbali. Kwanza fungueni Biblia mkasome sehemu zilizoandikwa hapo juu, polepole, kisha mrudi kwetu.

Mtu wa Kinyala akisikia habari za nyumba ya kutunzia wazee, mara nyingi hutikisa kichwa na kusema kwamba hiyo ni desturi ya Wazungu, na ya kuwa kwetu mzee hukaa na wanawe. Maneno hayo husemwa na watu wenye akili, tena kwa nia njema. Lakini kwa habari ya Wanyakyusa si kweli. Babu zetu hawakukaa na wana wao. Walikaa na wenzao.

Wengi wa vijana hawajui jambo hili, basi yatupasa kulieleza. Zamani mtoto wa kiume alipopata umri wa miaka 10 au 11 aliondoka katika kijiji cha baba yake, akaenda na wavulana wa rika lake kujenga vibanda mahali pao wenyewe. Usiku walilala huko. Wakati wa chakula walirudi kula kwa mama zao, wala hawakwenda mmoja mmoja, bali kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipokuwa watu wazima wakaoa, kila mtu alimleta mke wake katika kijiji kile kile. Hivyo jirani za mtu hawakuwa ndugu zake wa tumbo moja, bali wale aliochunga nao ng'ombe tangu utoto. Wana hao walipokomaa na kuwa na nyumba zao, ikafanywa sikukuu kubwa iitwayo ubusoka, yaani kutoka. Hapo ndipo baba walipowaachia wana utawala wa nchi, nao wazee wakahamia kando kuwapisha. Walihama pamoja, wakaendelea kukaa pamoja mpaka kufa.

Bwana Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa katika wilaya ya Rungwe kati ya miaka 1934 na 1938 wakiyachunguza mambo hayo, na Bibi Monica akayaandika katika kitabu chake Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Kiini cha yote, asema, ni lile neno la Kinyakyusa ukwangala. Si rahisi kulitia katika Kiswahili. Ni kukaa pamoja kwa furaha, kula na kunywa pamoja, kuzungumza, kutaniana, na katika mazungumzo hayo kujifunza adabu na busara. Watu waliamini kwamba akili ya mtu hukua akiwa na rika lake, na ya kuwa mtu akaaye peke yake hupungukiwa.

Ilikuwako na sababu nyingine. Mke wa mwana alimwogopa baba mkwe kwa heshima kuu, hata akimwona njiani alijificha, wala hakulitaja jina lake. Basi baba na mwana wangewezaje kukaa ua mmoja? Anayesema leo kwamba mkamwana wa Kinyakyusa tangu zamani alimwandikia baba mkwe chakula mezani, huyo ameisahau desturi ya kwao.

Lakini tusizisifu siku zile kupita kiasi. Vijiji vya rika vilikuwa vya wanaume. Mwanamke alimfuata mume wake, na mume akifa alirithiwa na ndugu wa mume. Hapakuwako kijiji cha wajane. Raha ya mzee ilitegemea kazi ya wake zake vijana, nao walikuwa wengi ikiwa mzee alikuwa na ng'ombe wengi. Tena ukarimu ule ulilindwa kwa hofu. Watu walisema kwamba mwana asiyewaheshimu wazee ataugua kwa pumzi ya jirani wanaomnung'unikia. Sisi hatuwafundishi watu kumtunza mzee kwa kuogopa pumzi ya jirani. Hata hivyo naona haya nikifikiri kwamba hofu ile ilimpatia mzee heshima ambayo mara nyingine upendo wetu haumpatii.

Sasa sikilizeni jambo la kustaajabisha. Wamoravi waliofika Rungwe mwaka 1891, mwaka ule ule Walutheri wa misheni ya Berlin walipofika katika nchi ya Konde, walitoka katika kanisa ambalo nalo lilijua maisha ya rika. Chimbuko lao ni mji wa Herrnhut katika Ujerumani, ulioanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani katika shamba la Bwana Zinzendorf, naye alikuwa Mlutheri. Katika mji huo Wakristo waligawanyika katika makundi: watoto, vijana wa kiume, wasichana, watu wa ndoa, wagane, wajane. Kila kundi lilikuwa na ibada zake, na makundi mengine yalikuwa na nyumba zao. Wajane walikuwa na nyumba yao, wakifanya kazi na kuomba pamoja, hata mjane asiye na mtoto alikuwa na mahali pa kuketi na mtu wa kumwita kwa jina. Makaburini pia hawakuzikwa kwa koo, bali kila mtu kwa kundi lake, chini ya mawe yaliyolingana, tajiri na maskini. Kwa hiyo nyumba ya wajane, ambayo vijiji vya rika vya Unyakyusa havikuwa nayo, ilijulikana zamani katika kanisa la wale waliotuletea Injili upande wa Rungwe.

Je, vijiji vya rika vilikwisha kwa nini? Vijana walikwenda kutafuta mshahara katika machimbo ya dhahabu ya Lupa na nchi za mbali. Mikahawa ilipandwa, nayo hukaa miaka mingi. Mtu aliyeipanda hakutaka kuhama na kuwaachia wengine, bali kumrithisha mwanawe. Watu waliongezeka, mashamba yakapungua. Lakini kanisa nalo lina sehemu yake, wala tusiifiche. Mtu alipobatizwa mara nyingi alihama karibu na misheni, akajenga pamoja na Wakristo, akaacha pombe ya wenzake na ngoma zao, na hivyo akayaacha mazungumzo yao. Alifanya vema. Lakini kanisa lililomtoa mtu katika rika lake lilijitwika deni. Halikumwahidi wokovu wa roho tu; lilimwahidi ndugu. Na ahadi hiyo yaonekana wazi zaidi mtu akiwa na miaka 80 kuliko akiwa na miaka 20.

Hapo ndipo somo letu linapofikia makao ya wazee. Serikali ya Tanzania inayo makao ya namna hiyo, kama Nunge katika Dar es Salaam, Kolandoto katika Shinyanga, Bukumbi katika Mwanza, Njoro katika Moshi, na Fungafunga katika Morogoro. Baadhi yake yalianza kama vijiji vya wagonjwa wa ukoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka 60, yasema kwamba mzee atunzwe kwanza na jamaa yake, na ya kuwa makao ni kimbilio la mwisho la asiye na mtu. (Mtume Paulo naye, alipomwandikia Timotheo juu ya wajane wa kuandikwa katika orodha, aliitaja miaka 60. Nadhani wenye kuandika sera hawakumfikiria Paulo, lakini hesabu ni moja.) Huko Zanzibar, tangu Aprili 2016, serikali ilianza kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, ili apate sabuni na chumvi bila kumwomba mkwewe. Ni msaada mwema. Lakini fedha haiwezi kukaa na mtu jioni.

Tuseme basi mzee ameingia katika makao. Anapata kitanda, uji wa asubuhi, nguo, dawa. Kitu kigumu ni kingine. Jirani yake wa kitanda ametoka nchi nyingine, na lugha yake ni nyingine. Uzee humrudisha mtu katika lugha ya mama yake. Kiswahili alichojifunza kazini chaanza kumponyoka, hata akitaka kueleza maumivu yake hapati mtu wa kumwelewa. Hana kazi, maana wengine humfagilia na kumpikia kwa huruma, na huruma hiyo yamfanya kuwa kama mzigo. Hajui atazikwa wapi. Kwa Mnyakyusa jambo hili la mwisho si dogo; kuna wazee wanaokubali njaa kwao kuliko kushiba mbali na makaburi ya baba zao.

Msomeni Barzilai wa Gileadi. Alimlisha Daudi alipokuwa mkimbizi, na Daudi alipoupata tena ufalme alitaka kumchukua Yerusalemu akamtunze katika nyumba ya kifalme. Makao gani yangekuwa bora kuliko hayo? Lakini mzee alikataa. Alikuwa na miaka 80, ladha ya chakula haisikii tena, wala sauti za waimbaji. Aliomba kurudi afe katika mji wake, penye kaburi la baba na mama. Naye mfalme hakumlazimisha. Alimbusu, akambariki, akamwacha aende. Ninyi wenye wazazi huku, na nyumba nzuri Mbeya au Dar es Salaam, mlifikiri neno hilo kabla ya kumpandisha mama yenu katika gari? Pengine atakaa chumba cha nyuma siku nzima, mlango umefungwa, watoto shuleni, ninyi kazini, na jirani hawajui salamu yake. Hayo nayo ni makao ya wazee, tena yenye mzee mmoja tu.

Hata hivyo mtu asilichukue neno la Barzilai liwe kisingizio cha kumwacha mzee wake Kinyala na paa linalovuja. Katika Marko 7 Bwana wetu awakemea wale waliotoa mali yao kuwa Korbani ili wasiwasaidie wazazi. Mtu aweza kutoa sadaka nene ya ujenzi wa kanisa, jina lake likasomwa mbele ya watu, na mama yake akakosa blanketi katika baridi ya Rungwe mwezi wa saba. Mweka hazina hatalijua, lakini mwalimu wa kijiji atalijua, na yampasa kusema.

Wala makao yasidharauliwe. Wako wazee wasio na mtoto, au ambao watoto wao wamekufa mbele yao, na wako wanaosingiziwa uchawi kwa sababu ya uzee na upweke. Kwao nyumba ya makao ni rehema ya Mungu. Paulo ataka jamaa wenye uwezo wawatunze watu wao, ili kanisa lipate nguvu ya kuwasaidia walio wajane kweli kweli. Na katika Matendo 6, wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku walikuwa wa lugha nyingine. Manung'uniko yao yakaleta uchaguzi wa watu saba. Angalieni: Mitume hawakusema kwamba chakula kipo na watu wavumilie. Waliweka watu wa kulisimamia jambo hilo.

Kwa sharika zetu sisemi mjenge nyumba kubwa. Nyumba hujengwa kwa shangwe, ikaachwa bila mtumishi. Anzeni na siku moja katika juma, siku isiyo ya soko, wazee wa vijiji vya karibu wakusanyike nyumbani kwa mmoja wao, si kanisani kwenye mabenchi magumu. Asiyeweza kutembea na achukuliwe na vijana wa kwaya, hasa tangu Machi hadi Mei, kwa maana mvua yetu ni nyingi na njia huteleza. Mzee akianguka hapo hainuki tena kama zamani. Kila nyumba ilete kidogo: ndizi, maharage, maziwa. Wapewe kazi nyepesi ya mikono, kama kupukuchua maharage au kusuka mikeka, maana mikono ikiwa na kazi ulimi hufunguka. Wajane wasiketishwe nyuma kama wageni. Hubiri lisiwe refu. Mchungaji akifika na awape Meza ya Bwana hapo hapo, kisha akae, ale nao, asikilize. Wala msiwaulize habari za magonjwa tu. Waulizeni majina ya vilima na mito, na nani alibatizwa mwaka gani, yaandikwe.

Mwalimu akisomesha somo hili na awaulize watu: Katika kijiji chetu ni nani aliyebaki peke yake katika rika lake? Anasema lugha gani, na ni nani humtembelea? Kama ana wana, wako wapi, na mara ya mwisho walileta habari lini? Je, yeye mwenyewe ataka kukaa wapi, na ni nani aliyemwuliza? Majibu yaandikwe katika daftari pamoja na jina la kijiji, yapelekwe kwa mchungaji kabla ya mvua za Machi.