Fremu ya Paa la Kukunja: Pini Ikae Wapi?

Niliombwa niandike kitu cha uhandisi ambacho hata mtu wa uhasibu atakielewa. Bahati mbaya ninacho, na kimeniondolea ukucha.

Kuna mzee mmoja hapa Muscat, pande za Al Khoud, Mwomani aliyezaliwa Unguja. Kiswahili chake kinatutia aibu sisi wa bara. Ana Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88, na turubai lake la asili lilishachanika zamani. Turubai za gari zile hazikunjwi. Zinakaa juu ya matao ya bomba yaliyofungwa kwa bolti, na ukitaka upepo unafungua yote na kuyaacha nyumbani. Mzee alitaka paa ambalo mtu mmoja ataliinua na kulishusha akiwa njiani kwenda shambani kwake Barka. "Wewe si injinia, mwanangu?" Ningejibu nini?

Wamarekani wanaokatakata Ford za mwaka 1932 na kuzitia injini kubwa wanaijua kazi hii. Bodi likishabadilishwa, paa la dukani haliingii tena, basi unajitengenezea. Sisi shida yetu ilikuwa hiyohiyo, isipokuwa injini ilibaki ileile ya kukohoa.

Kwanza nilifikiria njia rahisi, kama kofia ya kigari cha mtoto mchanga: kila kitu kizunguke kwenye pini moja kila upande, nyuma ya mlango. Nikapima. Kutoka kwenye pini hadi juu ya kioo cha mbele ni sentimita 95 kwenda mbele na 70 kwenda juu. Kwa waliomsahau Pythagoras, hiyo ni sentimita 118 kwa mshazari. Kitu kinachozunguka pini hakibadilishi umbali wake, kwa hiyo paa likilala, ncha yake itafika sentimita 118 nyuma ya pini. Nyuma nina 105 tu. Paa lingechomoza nje kama mzigo wa fito kwenye baiskeli.

Kwa hiyo ubavu wa fremu lazima uwe na kiwiko: mkono wa nyuma, halafu kipande cha mbele kinachobeba tao la juu ya kioo. Lakini mkono mmoja hautoshi, maana kipande cha mbele kitaanguka kinapotaka. Kinahitaji mkono wa pili wa kukiongoza. Hapo una bodi, mikono miwili na kipande cha mbele, vyote vimeshikana kwa pini nne. Darasani tunauita mfumo wa viungo vinne. Fungua mwavuli ule mfupi wa kukunja, tazama mbavu zake, utamwona mdogo wake.

Somo hili nililifaulu vizuri sana, kwa hiyo pini nikazikadiria kwa jicho. Fremu ikasimama, ikapigwa picha. Kuikunja, ikafika nusu ikagoma. Nikaisukuma kwa bega. Kumbe mkono wa pili na kipande cha mbele vilikuwa vimejipanga mstari mmoja, na vikikaa hivyo nguvu yako yote inavuta bomba kwa urefu, haizungushi kitu. Sehemu niliyochomelea ikaachia, fremu ikashuka, na kidole changu kilikuwa njiani.

Nikamwambia mzee kwamba joto la Muscat limepanua chuma. Usiku nikapiga hesabu. Mita moja ya chuma hurefuka milimita 0.012 kwa kila digrii moja ya joto. Bomba la mita 1.2 likitoka digrii 20 hadi 65 juani linaongezeka milimita 0.65. Hata unene wa ukucha haufiki mbali na hapo. Kesho yake nikaenda kumwambia ukweli. "Nilijua," akasema. "Jua ni hilohilo na milango yangu inafunga."

Njia yenyewe basi ni hii. Chukua plaiwudi, chora ubavu wa gari kwa ukubwa wake halisi. Kata kipande cha mbele kwa kadibodi. Kiweke mahali pake paa likiwa limefungwa, chora. Kiweke unapotaka kilale paa likiwa limekunjwa, chora. Halafu chagua hali ya tatu, ya katikati, ambayo haigongi kichwa cha mtu. Sasa toboa tundu moja kwenye kadibodi, liite A. Tundu hilo limeacha alama tatu kwenye plaiwudi, na alama tatu zisizo kwenye mstari mmoja hupitiwa na duara moja tu. Unganisha alama ya kwanza na ya pili, kisha ukate mstari huo katikati kwa pembe mraba. Fanya vivyo hivyo kwa ya pili na ya tatu. Mikato miwili inapokutana ni kitovu cha duara, na hapo ndipo pini ya mkono wa A inakaa kwenye bodi. Umbali kutoka hapo hadi alama yoyote ni urefu wa mkono. Rudia kwa tundu la pili, B. Kitovu kikiangukia hewani au ndani ya tairi, sogeza tundu kidogo uanze tena. Mimi nilianza tena mara 11.

Ludwig Burmester, Mjerumani, alizishughulikia hesabu za aina hii kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1888. Wewe bikari ya shule inakutosha. Ila ujue kwamba njia hii inakuhakikishia zile hali tatu tu. Mkwamo unaweza kujificha katikati yake. Kwa hiyo tengeneza mikono ya plaiwudi, ifunge kwa skrubu, uichezeshe taratibu kabla hujawasha mashine ya kuchomelea.

Kisha jaribu kwa uzi. Funga uzi tao la mbele, upitishe juu ya matao yote hadi nyuma, uukaze paa likiwa limefungwa. Sasa kunja. Uzi unatakiwa ulegee mwanzo hadi mwisho. Ukikaza mahali popote, turubai nalo litakaza hapo, na turubai halivutiki kama mpira. Uzi wangu ulikatika mara mbili. Turubai lingenigharimu zaidi.

Vifaa havina maajabu: bomba la milimita 25 lenye unene wa 2, mikono ya chuma bapa, bolti za milimita 10 zenye bushi, nati za kujifunga. Ukipata bomba la mabati, ondoa zinki kwanza sehemu ya kuchomelea, maana moshi wake unaleta homa.

Kwenye vifungo vya juu ya kioo usibane hela. Kwa kilomita 100 kwa saa, msukumo wa upepo ni kama niutoni 436 kwa kila mita ya mraba. Paa langu ni mita za mraba 1.3, na upepo ukiliinua kwa nguvu hiyo yote ni kama kuning'iniza kilo 58. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Na kabla ya kukata chochote nenda polisi wa barabarani ukaulize kibali.

Fremu ya pili inakunjika kwa mkono mmoja. Mzee alifurahi, siku ileile akataka kupakia wajukuu nyuma waende milimani. Nikakataa kumpa ufunguo. Bomba la milimita 25 lenye viungo linabeba turubai. Gari likibingirika, linajikunja kama lilivyofundishwa. Tulizozana, akaninunia siku nne, na kwa kijana kumnyima mzee ufunguo wa gari lake mwenyewe mnajua ni aibu gani. Siku ya tano akanipigia simu kuuliza bomba la kukinga gari likipinduka linatakiwa liwe nene kiasi gani, na mikanda ya kiti cha nyuma inafungwa kwenye chesi au kwenye bodi. Sasa hivi tunapima chesi. Ufunguo bado uko kwangu.