Kwa Nini Dawa Nyingi kwa Ugonjwa Mmoja?

Huenda unamfahamu mtu anayetibiwa kifua kikuu. Kwa kawaida humeza dawa kila siku kwa miezi 6. Lakini baada ya wiki chache tu kikohozi hupungua, hamu ya kula hurudi, naye hushika jembe lake. Ndipo anapouliza: "Nimepona. Dawa hizi za nini tena?"

Hilo ni swali la haki. Jibu lake lilitafutwa na watu wa nchi nyingi, hata za kwetu.

Mwaka 1943 dawa iitwayo streptomaisini iligunduliwa Marekani. Waingereza waliijaribu, na mwaka 1948 wakatangaza matokeo. Wagonjwa 55 walichomwa sindano za dawa hiyo. Wengine 52 walipumzishwa kitandani tu, kama ilivyokuwa desturi. Baada ya miezi 6, waliopata dawa walikuwa wamekufa 4, wasiopata, 14. Watu walifurahi. Lakini miaka 5 ilipopita, kati ya wale 55 waliopata dawa, 32 walikuwa wamekufa.

Kulitokea nini? Katika mapafu ya mgonjwa mna mamilioni ya vijidudu. Vichache kati yake ni sugu, yaani dawa fulani haiviui. Ukitumia dawa moja peke yake, vijidudu dhaifu hufa, na vile sugu hubaki na kuzaana. Wewe mkulima huchagua mahindi bora yawe mbegu. Hapa dawa moja inamchagulia adui mbegu yake. Lakini kijidudu kinachoshinda dawa hii huuawa na dawa ile. Kinachoshinda dawa tatu kwa pamoja ni adimu sana.

Basi wagonjwa wakapewa dawa kadhaa kwa pamoja. Shida ikawa muda: miezi 18! Nani ataacha shamba na kwenda zahanati muda wote huo?

Kuanzia mwaka 1970, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na Waingereza kujaribu matibabu ya miezi 6. Wagonjwa walipewa dawa kwa mafungu tofauti, kisha wakafuatiliwa hata baada ya kumaliza dawa. Katika fungu lililopata streptomaisini na isoniazidi tu, karibu wagonjwa 29 katika kila 100 waliugua tena. Waliongezewa rifampisini, waliougua tena walikuwa kama 3 tu. Miezi 6 ilitosha, mradi dawa ziwe zinazofaa na zimalizwe. Wagonjwa wale wa Afrika Mashariki na Zambia hatuyajui majina yao, lakini waliwapunguzia wengine mwaka mzima wa kumeza dawa.

Muda huo una kazi. Vijidudu vingine hulala, navyo ni vigumu kuuawa. Ukiacha dawa mapema, huamka. Ukimeza leo na kuruka kesho, au ukichagua kidonge kimoja na kuacha vingine, vile sugu hupata nafasi. Na aliye na vijidudu sugu huwaambukiza wengine vijidudu hivyo hivyo.

Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009. Wakati huo matibabu yake yaliweza kufika miezi 20, pamoja na sindano za miezi mingi, na sindano hizo ziliweza kumfanya mtu kiziwi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini wagonjwa wengi wa Uingereza walikufa baadaye, ingawa mwanzoni walipata nafuu?
2. Jirani yako ameacha dawa mwezi wa pili kwa sababu nauli imemwishia. Ninyi wa kijiji chake mtafanya nini?