Kinywaji Baridi cha Parachichi

Unaweza kutengeneza kinywaji cha kijani, laini na baridi bila umeme.

Vifaa: parachichi 1 lililoiva, ndimu 1, chujio, bakuli, kijiko, visahani 2 na mtungi wa udongo.

Jaribio
1. Chemsha maji. Yakipoa, yatie katika mtungi safi, ufunike, na uuweke kivulini penye upepo hadi kesho yake.
2. Nawa mikono kwa sabuni. Osha parachichi, likate, uondoe kokwa, kisha uponde nyama yake iwe rojo.
3. Weka rojo kidogo katika kisahani A na kisahani B. Kamulia ndimu katika B tu.
4. Rojo iliyobaki ikamulie ndimu. Ongeza kikombe 1 cha maji ya mtungi, koroga, chuja, unywe.

Tazama visahani baada ya saa 2. Umeona nini? Rojo ya A imegeuka rangi ya kahawia kwa sababu ya oksijeni iliyomo hewani. Asidi ya ndimu huchelewesha badiliko hilo.

Maji yalipoaje? Mengine yalipenya vitundu vidogo vya mtungi, yakageuka mvuke na kuchukua joto la maji yaliyobaki.

Kumbuka: kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, ubaridi hauviui.

Maswali
1. Kwa nini mtungi uliopakwa rangi ya mafuta nje haupozi maji vizuri?
2. Mwenzako asema, “Maji haya ya kisima ni baridi, basi ni salama.” Utamjibu nini?