Uhakiki: Mfano wa Mhakiki wa Picha

Mtahiniwa, kuhakiki si kusimulia ulichokiona. Jifunze kwa Teju Cole, mwandishi aliyezaliwa Marekani mwaka 1975 na kukulia Lagos. Kuanzia 2015 hadi 2019 alikuwa mhakiki wa picha wa The New York Times Magazine. Mwaka 2016 alihakiki picha za India za mpigapicha mashuhuri Steve McCurry. Zingatia hatua zake:

(a) Dai: picha zinapendeza mno, ila zinaonesha India ya zamani tu.
(b) Ushahidi: sura na mavazi ya jadi yanayojirudia.
(c) Ulinganisho: picha za Raghubir Singh, zenye maisha ya kisasa.

Nawe usitishwe na jina la mwandishi. Toa dai, kisha lithibitishe kwa mifano kutoka kwenye kazi yenyewe.

Zoezi: Hakiki picha ya jalada la kitabu kimoja ulichosoma.