Mwaka Ligi Ilipokatika

Mweso ni mahali pa vilima, katika eneo la Masisi, jimbo la Kivu ya Kaskazini. Jioni, kazi za nyumbani zikiisha, watoto wa pale hukimbilia kiwanja. Kama hakuna mpira wa duka, wanafunga mmoja kwa majani makavu ya migomba na kamba. Mawe mawili ni goli. Mtoto mmoja huchaguliwa kuwa mwamuzi, na kila siku mwamuzi hulaumiwa.

Fikirini nyumba moja ya pale. Ndani yake kuna kijana, dada yake mdogo, na babu yao. Kijana anapenda Mazembe wa Lubumbashi. Dada anapenda V.Club wa Kinshasa. Hawajaziona timu hizo kwa macho hata siku moja, maana miji hiyo ni mbali sana na Mweso. Wanazisikia kwa redio tu. Lakini siku timu hizo zinapokutana, kaka na dada hawali sahani moja.

Timu hizo mbili ni za zamani. V.Club ilianzishwa mwaka 1935. Mazembe ilianzishwa mwaka 1939, nao walioianzisha ni mapadri Wabenedikto waliokuwa na shule pale Lubumbashi. Walitaka vijana wa shule wawe na mchezo. V.Club alikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1973. Mazembe amekuwa bingwa wa Afrika mara tano. Basi, kila mmoja wa watoto wale ana la kujivunia, na kila mmoja ana la kumchokoza mwenzake.

Mwezi wa tatu mwaka 2020, redio ilileta habari nyingine. Tarehe 10 mgonjwa wa kwanza wa Korona alijulikana Kinshasa. Tarehe 18 rais wa nchi alitangaza kwamba shule zitafungwa, na watu wasikusanyike makanisani wala viwanjani. Ligi ya Kongo, iitwayo Linafoot, ikasimama katikati. Wakati huo Mazembe alikuwa wa kwanza, na V.Club alikuwa nyuma yake.

«Yaya, mpira utarudi lini?» aliuliza dada.

«Sijui. Lakini ukirudi au usirudi, Mazembe ni wa kwanza.»

«Wa kwanza namna gani? Michezo haijaisha!»

«Basi nitajie aliye juu yake.»

Dada akanyamaza, lakini hakukubali. Babu aliyekuwa akiota moto akasema: «Ninyi mnagombania kombe. Je, mmesahau ndoo za klori?»

Watoto hawakusahau. Watu wa Kivu ya Kaskazini walijua jambo la ugonjwa kabla ya nchi nyingi. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, upande wa Beni. Mwezi wa saba mwaka 2019 ilifika Goma. Mwezi uliofuata ilionekana hata Pinga, katika eneo la Walikale, si mbali na Mweso. Njiani watu walisimamishwa, wakanawa mikono kwa maji ya klori, wakapimwa joto la mwili. Rafiki walisalimiana kwa viwiko. Ugonjwa ule ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walikuwa wameupata, na 2,287 kati yao walikufa. Tazameni tarehe hizo vizuri: Korona ilipoingia Kongo, Ebola ilikuwa haijatoka.

Magonjwa hayo mawili hayaambukizi kwa njia moja. Ebola hupita katika damu, jasho, matapishi na maji mengine ya mwili wa mtu aliye mgonjwa au aliyekufa kwa ugonjwa huo. Mtu ambaye bado hana dalili hamwambukizi mwenzake. Korona hupita katika pumzi. Mtu anayekohoa, anayeimba au anayepiga kelele hutoa vitone vidogo sana hewani, na aliye karibu huvivuta. Tena mtu anaweza kuwa na Korona bila kujisikia mgonjwa, akaitawanya. Sasa fikirini uwanja wa mpira. Watu elfu nyingi wamebanana bega kwa bega, wanaimba, wanakumbatiana goli likiingia. Ndiyo sababu viwanja vilifungwa karibu dunia nzima katika juma moja au mawili.

Ebola nayo ilikwisha kuvuruga mpira, tena kwa ubaya mwingine. Mwaka 2014 iliingia Sierra Leone, na michezo ikasimamishwa katika nchi ile. Timu ya taifa haikuweza kupokea wageni nyumbani, ikalazimika kucheza ugenini michezo yote. Mwezi wa tisa ilicheza na Kongo pale Lubumbashi, ikafungwa 2 kwa 0. Wengi wa wachezaji wale walikuwa wakiishi Ulaya na Marekani. Hata hivyo mashabiki wengine waliwapigia kelele: «Ebola! Ebola!» Fikirini kijana anayeogopa kwa ajili ya mama yake aliyebaki kule, kisha anaimbiwa jina la ugonjwa kama tusi. Babu alipoisimulia habari hiyo, kaka na dada waliona haya, maana waliopiga kelele walikuwa watu wa nchi yao.

Turudi kwa Korona. Miezi ikapita, viwanja vikawa kimya. Wakubwa wa mpira katika kila nchi walipaswa kujibu swali moja: ligi iliyokatika katikati, bingwa wake ni nani? Swali hilo linaonekana dogo, lakini bingwa hupewa fedha, na ndiye anayekwenda kushindana na mabingwa wa Afrika. Walio mkiani hushushwa daraja. Kwa hiyo kila jibu lilimfurahisha mmoja na kumliza mwingine.

Huko Kongo waliamua kuikata ligi pale pale iliposimama. Mazembe akatangazwa bingwa.

Rwanda, ng'ambo ya mpaka, walifanya vile vile mwezi wa tano. APR alikuwa na pointi 57 katika michezo 23. Alikuwa ameshinda 17 na kutoka sare 6, bila kushindwa hata mara moja. Rayon Sports alikuwa na 51. Ilibaki michezo 7. Kila ushindi ni pointi 3, basi Rayon angeweza kupata pointi 21 zaidi na kufika 72. Kwa hesabu, mlango ulikuwa wazi bado. Lakini nani angethubutu kusema kwamba timu isiyoshindwa ingeanza kushindwa?

Kenya palikuwa na ugomvi mkubwa zaidi. Tarehe 30 Aprili rais wa shirikisho la mpira alitangaza kwamba ligi imekwisha, na Gor Mahia ndiye bingwa. Gor alikuwa na pointi 54. Kakamega Homeboyz alimfuata na 47. Mashabiki wa Gor walishangilia. Lakini kampuni iliyokuwa ikiiendesha ligi ilikataa. Ilisema: kuimaliza ligi ni kazi yetu, si yenu. Shauri likapelekwa mbele ya baraza la mabishano ya michezo. Hapo watu hawakubishana tu juu ya pointi. Walibishana juu ya nani ana haki ya kupuliza filimbi ya mwisho, na ugomvi wa namna hiyo ni mgumu kuliko ule wa kwanza.

Uganda nako waliikata ligi, tarehe 20 Mei. Vipers wa Kitende alikuwa na pointi 54, na KCCA wa Kampala alikuwa na 50. Pengo lilikuwa pointi 4 tu, na michezo 5 ilibaki! Ungefikiri kwamba hapa ndipo moto ungewaka kuliko Kenya. Lakini Waganda walikuwa na sheria iliyoandikwa kabla ya ugonjwa: ligi ikivunjika baada ya robo tatu ya michezo kuchezwa, aliye juu ndiye bingwa. Michezo ya mwaka mzima ilikuwa 30. Robo tatu yake ni 22 na nusu. Nao walikwisha kucheza 25. Wapenzi wa KCCA waliumia, na timu tatu za chini zilizoshushwa ziliumia zaidi. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba sheria ilitungwa jana ili kumpendelea Vipers.

Tanzania walifuata njia nyingine. Ligi ilisimama tarehe 17 Machi, ikaanza tena tarehe 13 Juni. Simba alikuwa na pointi 71 kabla ya kusimama. Akaendelea, na tarehe 28 Juni, baada ya kutoka sare na Prisons kule Mbeya, akawa bingwa kwa michezo iliyochezwa kweli. Pointi za namna hiyo hazina mjadala. Lakini kuna gharama yake: wachezaji na watazamaji walirudi kukutana wakati ugonjwa ungali duniani. Uingereza nako walirudi mwezi ule ule, ila viti vyote vilikuwa vitupu, na sauti za wachezaji zilisikika kama za watoto katika kiwanja cha shule.

Uholanzi walitoa jibu la ajabu kuliko yote. Walisema: mwaka huu hakuna bingwa. Ajax na AZ walikuwa na pointi 56 kila mmoja, basi hakuna aliyepewa. Hakuna aliyeshushwa wala aliyepandishwa. Timu iitwayo Cambuur ilikuwa ya kwanza katika daraja la pili, ikingoja kupanda, ikabaki chini. Ilikwenda mahakamani, ikashindwa. Kumbe hata asiyetoa kombe kwa mtu hupata wa kumlaumu.

Katika nyumba ile ya Mweso, habari ya Mazembe kutangazwa bingwa ilifika kwa redio. Kijana aliruka, akapiga sufuria kama ngoma. Dada alitoka nje, akakaa karibu na jiko, asitake kusema na mtu.

«Amepewa, hakushinda,» alisema mwishowe.

«Alishinda michezo yote iliyomweka juu,» kaka alijibu. «Nani alimkataza V.Club kuwa juu siku ile?»

«Nani alijua kwamba siku ile ni ya mwisho? Ungeniambia kwamba mbio zinaishia hapa kwenye mgomba, ningekimbia upesi mapema!»

Kijana alitaka kujibu, akakosa neno. Maneno ya dada yake yalikuwa ya kweli. Mkimbiaji hupanga nguvu zake kwa kujua mwisho uko wapi.

Shule zilipofunguliwa, watoto wa mtaa ule walipanga ligi yao, timu nne, kila moja icheze na nyingine mara mbili. Michezo yote ingekuwa 12. Kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, dada alileta daftari. Alitaka iandikwe: mvua, ugonjwa au vita vikikata ligi, itakuwaje? Wengine walicheka, lakini wakakaa chini ya mti wakaanza kubishana. Waliandika kwamba ligi ikikatika kabla ya michezo 9, hakuna bingwa. Ikikatika baada ya hapo, aliye juu ndiye bingwa. Kila nahodha alitia jina lake.

Babu alilichukua daftari, akasoma polepole.

«Na kama wawili wamelingana pale juu?» aliuliza.

Watoto wakatazamana. Dada akarudishiwa kalamu.

Maswali

1. Kwa nini uwanja wenye watu wengi ni hatari wakati wa Korona?
2. Rwanda ilikuwa na michezo 30 kwa mwaka. Je, APR alikuwa amecheza robo tatu yake? Onyesha hesabu.
3. KCCA angeshinda michezo yake 5 yote, angefika pointi ngapi? Vipers angehitaji pointi ngapi zaidi ili ampite?
4. Soma tena maneno ya dada juu ya mgomba. Ungekuwa kaka yake, ungemjibu nini?
5. Andika sheria ya kumaliza swali la babu.