Kalibu za Kale za Chokoleti: Kuzitengeneza na Kuzinakili

Leo napenda tujifunze habari za kalibu za chokoleti. Huenda mtu akauliza, "Kalibu za Wazungu zatuhusu nini sisi wa Uganda?" Zatuhusu, maana kakao yalimwa kwetu Bundibugyo, na sehemu kubwa ya punje zake huuzwa nchi za nje zikiwa zimekaushwa tu. Anayetaka siku moja kufanya chokoleti mwenyewe yampasa akijue pia chombo kinachoipa umbo.

Zamani Ulaya chokoleti ilikuwa kitu cha kunywa. Mwaka wa 1847 kampuni ya Fry, katika mji wa Bristol, Uingereza, ilifanya chokoleti ya kutafuna iliyomiminwa katika kalibu. Huko Paris nyumba ya Létang, iliyoanza mwaka wa 1832, ilipata sifa kwa kalibu zake, na huko Dresden, Ujerumani, Anton Reiche alianza kazi yake mwaka wa 1870. Walitengeneza sungura, samaki, mayai na maumbo mengine mengi. Kalibu nyingi za namna hii zilikuwa za bamba jembamba la chuma lililopakwa bati. Hapa nasema bati lile madini meupe laini, siyo mabati ya kuezekea nyumba. Kalibu ya mnyama huwa na nusu mbili, nazo hushikwa pamoja kwa vibanio. Baada ya Vita Kuu ya Pili kalibu za plastiki zilichukua nafasi ya zile za chuma, na hizi za kale sasa hutafutwa na watu wanaokusanya vitu vya zamani.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: thamani ya kalibu iko ndani, siyo nje. Chokoleti nyeusi huyeyushwa mpaka kiasi cha digrii 45, ikapozwa mpaka kama 28, kisha ikapashwa tena mpaka 31 au 32. Ikifanywa hivyo, mafuta ya kakao huganda kwa mpango mzuri, na chokoleti hupungua ukubwa kidogo inapopoa. Kwa kupungua huko hujibandua yenyewe kutoka katika kalibu, tena hutoka iking'aa kama uso ule ilioulalia. Lakini ndani pakiwa na mikwaruzo, chokoleti hushika, nayo hutoka imefifia au imevunjika masikio.

Mwalimu mmoja mstaafu aliipa karakana yetu kalibu ya sungura, yenye nusu mbili, kiungo chake kimeachia upande mmoja na vibanio vimepotea. Wenzangu walitaka tuisugue kwa mchanga na majivu, kama mama zetu wanavyosugua sufuria, ili sikukuu ikifika watoto wa darasa la kwanza wapate chokoleti. Mimi nilikataa. Kalibu siyo sufuria. Bati lile ni jembamba sana; likiondoka, chuma huonekana, na chuma kikionekana kutu huingia.

Basi tuliitengeneza hivi. Kwanza, tuliiosha kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini, tukaikausha papo hapo karibu na jiko. Pili, mahali palipobonyea tulipasukuma polepole kwa kijiti cha mti kilichochongwa mviringo. Nyundo ya chuma haifai. Tatu, tulikilehemu kiungo kwa upande wa nje tu. Hapa pana hatari, kwa kuwa lehemu isiyo na risasi huyeyuka kati ya digrii 217 na 227, na bati lenyewe huyeyuka kwa digrii 232. Mwenye kukawia na chuma cha moto ataliyeyusha na bati la ndani. Yafaa kugusa na kuondoa, kugusa na kuondoa. Nne, tuliifuta dawa ya lehemu yote, kwa maana ikibaki hula chuma.

Je, baada ya hapo watoto wangeweza kula chokoleti yake? La! Lehemu ya kale aghalabu ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo, hasa wa watoto. Kwa macho tu mtu hawezi kujua kama imo au haimo. Kwa hiyo tulikata shauri kwamba sungura wa kale akae kabatini, na watoto wale kutoka katika nakala.

Nakala haikufanywa kwa plasta. Plasta ina maji, nayo maji huleta kutu. Tena hutanuka kidogo inapokauka, hata ikakwama ndani. Tulimimina chokoleti iliyopozwa vema katika kalibu ya kale, ikatoka sungura kamili. Huyo hakuliwa, ingawa macho mengi yalimtazama! Tulimsimamisha ndani ya kisanduku, tukamimina mpira wa silikoni wa namna inayoruhusiwa kwa vyakula, polepole, kutoka pembe moja, ili mapovu ya hewa yapande juu. Ulipokaza tuliukata ubavuni kwa kisu, kwa mstari wa kwenda upogo ili pande mbili zikutane sawasawa, tukamtoa sungura. Kisha tuliuosha sana, na chokoleti ya kwanza iliyotoka humo tuliitupa.

Kwa kuwa chokoleti hupungua inapoganda, nakala ni ndogo kidogo kuliko asili. Ukinakili nakala, utazidi kupoteza, na manyoya ya sungura yatafutika. Ndiyo sababu kalibu ya kwanza yapasa kutunzwa.

Jambo la mwisho ni uaminifu. Tuliandika neno NAKALA na mwaka chini ya mpira, mtu asije akadanganya au akadanganyika. Ninyi kaka zetu mnaosafiri, mkikuta kalibu ya kale sokoni au katika ghala la misheni, tazameni kwanza ndani. Pakiwa pazima, msipasugue; ifungeni kwa kitambaa kikavu, mtuletee.